Mashine ya kuondoa nywele nyumbani ikigoma: dalili, sababu na marekebisho

Vifaa vya kuondoa nywele za mwili nyumbani ni vya koo mbili, na malalamiko mengi huzaliwa pale mtu anapotarajia kifaa cha ukoo huu kifanye kazi ya ule. Ukoo wa kwanza hukata au kung'oa unywele wenyewe: mashine ya kunyolea, trima, epileta (mashine ya vipinseti vinavyozunguka), nta. Hivi havijali rangi. Ukoo wa pili hupiga mwanga ngozini: IPL (mashine ya mimweko mikali ya mwanga) na leza ndogo za nyumbani. Hivi vinategemea rangi kwa kila kitu. Taa ya xenoni iliyomo kwenye IPL hutoa mmweko, melanini ya unywele, yaani rangi yake ya asili, inaunyonya, unywele unapata moto hadi mzizini, na joto hilo ndilo linalodumaza tundu linalouotesha. Shida ni kwamba mwanga hautofautishi melanini ya unywele na melanini ya ngozi. Ukilishika hilo moja, dalili nyingi za hapa chini utazitambua kabla hata ya kusoma sababu yake.

## IPL imewaka, feni inavuma, lakini mmweko hautoki

Anza na mguso. Pembezoni mwa dirisha la mwanga kuna vihisi vidogo, na vyote vinatakiwa viguse ngozi kwa pamoja ndipo mashine iruhusu mmweko. Kwenye muundi, kifundo cha mguu, goti na taya, mfupa huinua upande mmoja na kihisi kimoja kikabaki hewani. Kunja goti ili ngozi ikazike, vuta ngozi ya muundi pembeni mpaka ikae juu ya nyama, simamisha mashine wima kwa nyuzi 90, kisha bonyeza kiasi cha kuacha alama hafifu ya dirisha ngozini. Kama mashine ilikuja na kichwa chenye dirisha dogo, hapo ndipo mahali pake. Futa na vihisi vyenyewe, maana mafuta ya ngozi yaliyoganda juu yake yanatosha kuvipofusha.

Bado inagoma? Ijaribu upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ambako jua halifiki sana. Ikimweka hapo na kukataa mguuni, mguu wako umepigwa jua kuliko mkono. Ufunike kwa nguo wiki 2 hadi 4, kisha ujaribu tena. Usijaribu kuushinda mguu kwa kupunguza ngazi ya nguvu, kwa sababu kwenye mashine nyingi kihisi cha rangi hufunga mwanga bila kujali umeweka ngazi gani.

Ikikataa hata hapo, taa ya onyo la rangi ya ngozi inapepesa, na ngozi yako ni kahawia iliyokolea au nyeusi, basi mashine ni nzima na inafanya kile ilichotengenezwa kufanya. Nyingi hupangwa kwa kipimo cha Fitzpatrick, kinachogawa ngozi kwa rangi na jinsi inavyoitikia jua, kilichoanzishwa mwaka 1975 na daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick. Mwanzoni kilikuwa na aina nne tu, zote za ngozi nyeupe. Aina ya V na ya VI, za kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. IPL za nyumbani kwa kawaida hukataa aina ya VI, na baadhi huanza kukataa kwenye V. Ngozi yenye melanini nyingi huunyonya mwanga juujuu kabla haujafika mzizini, kwa hiyo nywele zinabaki na ngozi ndiyo inayoungua.

Wapo wanaobandika utepe juu ya kihisi, wanaopaka poda nyeupe, au wanaopigia mwanga kwenye karatasi ya plastiki angavu. Huko ni kuziba king'ora huku nyumba ikiendelea kuungua. Hatari zaidi ni mashine isiyo na kihisi cha rangi kabisa: hiyo humweka juu ya ngozi yoyote, na mnunuzi mwenye ngozi nyeusi huiona ni nzuri kuliko ile iliyomkatalia. Mwenye ngozi hiyo akitaka njia ya mwanga, aende kliniki yenye leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064. Mawimbi marefu kiasi hicho hupenya chini zaidi na hayanyonywi sana na melanini ya juu, na hakuna ngazi yoyote kwenye IPL ya nyumbani inayoweza kuiga hilo. Nyumbani, chaguo lake ni epileta, nta au trima, na zimeelezwa mbele.

Ukishaondoa mguso na rangi, ndipo uutazame umeme. Mmweko hutoka kwenye kapasita, kihifadhi umeme kinachojazwa upya kila mara, na kujaza huko huchukua kati ya sekunde 1 na 4 hivi, zaidi kwenye ngazi za juu. Mwenye papara hubonyeza kabla haijajaa na kudhani kitufe kimekufa. Subiri taa ya utayari itulie. Kama kujaza kumekuwa kwa polepole kuliko zamani, kagua adapta: linganisha volti na ampea zilizoandikwa juu yake na zile zilizoandikwa kwenye mashine. Adapta ya kuazima inaweza kuingia tundu lilelile na bado isitoshe. Mashine ya betri huchelewa chaji ikikaribia kwisha. Ikizimika katikati ya kazi na mwili wake ni wa moto, angalia kama kiganja chako kimeziba matundu ya feni, iache ipoe dakika 15, na safisha vumbi la matundu hayo kwa brashi kavu.

Usiifungue. Kapasita ya mmweko huhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa, na fundi asiyejua kuimaliza chaji hupigwa shoti na kifaa anachoamini kimezimwa.

Kuhusu taa kuchakaa, ni nadra kuwa ndiyo sababu. Piga hesabu: mguu kutoka gotini kwenda chini, wenye urefu wa sentimita 40 na mzunguko wa wastani wa sentimita 30, una takriban sentimita za mraba 1,200. Dirisha la sentimita za mraba 4 linahitaji mimweko 300 kuumaliza, yaani 600 kwa miguu miwili. Taa ya mimweko 300,000 ingefikisha vipindi 500 kabla ya kuisha. Mashine inayodaiwa kuishiwa taa baada ya miezi sita ina ubovu mwingine, na irudishwe dukani ingali na dhamana.

## Harufu ya kuungua, madoa meusi kwenye dirisha

Nywele hazikunyolewa vizuri. Unywele uliobaki juu ya ngozi hunyonya mwanga uliokusudiwa mzizi, unaungua, na majivu yake yanashika kwenye kioo. Mmweko unaofuata unayapasha moto majivu hayo, nayo yanaichoma ngozi kwa alama ndogo nyeusi zenye umbo la doa lilelile la kioo. Nyoa kwa wembe au mashine siku hiyohiyo au usiku uliotangulia, mpaka kiganja kisihisi ncha. Trima haitoshi, kwa sababu huacha nusu milimita au zaidi.

Kioo kifutwe mashine ikiwa imezimwa na kupoa, kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti au maji kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, kisha kikaushwe. Madoa yakigoma kutoka, au ukiona ufa hata mwembamba kama uzi, usitumie tena kichwa hicho. Ufa hubadilisha njia ya mwanga na hupitisha miali ambayo kichujio kilitakiwa kuizuia.

Ngozi nayo iwe kavu na tupu: bila losheni, deodoranti, manukato wala mafuta.

## Mimweko ipo, wiki zinapita, nywele ziko palepale

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na mara nyingi hukata mapema. IPL hudumaza tu tundu ambalo unywele wake uko katika hatua ya kukua, ukiwa umeshikamana na mzizi. Kwenye miguu, sehemu kubwa ya matundu huwa yamepumzika kwa wakati wowote ule, na mmweko unaoyapita hayo ni sawa na kumpigia hodi mtu aliyesafiri. Ndiyo maana ratiba ya kawaida ni kila wiki 2 kwa vipindi 4 au 5 vya mwanzo, halafu kila wiki 4 hadi 8 kulingana na zinavyorudi. Hukumu ya kwanza itolewe wiki ya 8, baada ya vipindi vinne kamili. Kupiga kila siku hakuharakishi kitu; kunachosha ngozi tu.

Kabla ya wiki hiyo kuna dalili moja inayodanganya. Siku 7 hadi 14 baada ya kipindi, nywele huonekana zikitokeza kama kawaida. Zishike kwa kipinseti bila kuvuta kwa nguvu. Zile zilizokufa huteleza na kutoka bila maumivu, kwa kuwa ngozi ndiyo inayozisukuma nje. Zikishikilia na kuuma, hazikuguswa. Jaribu nywele mbili tatu tu, si mguu mzima, kwa sababu kung'oa ndiyo sababu inayofuata.

Anayepiga IPL huku akiendelea na epileta, nta au kipinseti anajihujumu mwenyewe. Njia hizo huondoa unywele pamoja na mzizi, na bila unywele ndani ya tundu mwanga hauna cha kunyonywa nacho. Acha kung'oa angalau wiki 4 kabla ya kipindi cha kwanza, na kati ya vipindi nyoa tu.

Nywele nyeupe, za mvi, nyekundu na za dhahabu hafifu hazina melanini nyeusi ya kutosha, na hakuna idadi ya vipindi itakayobadilisha hilo. Malaika, zile nywele laini za mashavuni na mikononi, nazo huitikia vibaya kwa kuwa ni nyembamba na hazishiki joto. Kuzipaka rangi nyeusi hakusaidii, maana rangi hiyo haifiki mzizini na huishia kuunguza ngozi juu.

Kisha ngazi. IPL za nyumbani hutoa nguvu ndogo, nyingi kati ya jouli 2 na 6 kwa kila sentimita ya mraba, na mtumiaji mwoga anayebaki ngazi ya 1 mpaka mwisho huambulia patupu. Tumia ngazi ya juu kabisa ambayo ngozi yako inaivumilia na jedwali la mashine linairuhusu. Utaijua kwa jaribio: mmweko mmoja kwa kila ngazi, kila mmoja mahali pake, kisha subiri saa 24, au 48 kwa ngozi ya kahawia. Joto na wekundu unaoisha ndani ya saa chache si tatizo. Wekundu unaolala hadi kesho yake unamaanisha rudi ngazi moja nyuma.

Usipake krimu ya ganzi ili kufika ngazi ya juu. Maumivu ndiyo onyo lako la papo hapo kwamba ngozi inaungua, na krimu ya lidokaini ikipakwa eneo kubwa huingia kwenye damu kwa kiwango kinachoweza kudhuru moyo.

## Nywele zimeisha kwa mistari

Mguu una vipande laini na vipande vyenye nywele, mara nyingine kwa pembe nne kamili za dirisha. Hizo ni sehemu ulizoruka. Rudi kwenye hesabu ya mimweko: mguu uliotakiwa kupata 300 ukiumaliza kwa 120, zaidi ya nusu hukuigusa. Kuteleza huku mashine ikimweka yenyewe ni kwa haraka, lakini kunafaa eneo pana na mkono uliozoea. Anayeanza apige na kunyanyua, kila dirisha likilalia la awali kwa milimita 1 au 2. Penseli nyeupe ya vipodozi inasaidia kugawa mguu kwa safu, mradi mstari ufutwe kabla mwanga haujaufikia. Kamwe usitumie kalamu nyeusi.

## Nywele zimeongezeka badala ya kupungua

Kwanza hakikisha kweli zimeongezeka. Kunyoa hakufanyi unywele uwe mnene; wembe huacha ncha butu badala ya ile iliyochongoka, na kidole huisoma ncha butu kama ugumu. Lakini ipo hali ya kweli ambapo malaika za usoni hugeuka kuwa nywele nene nyeusi baada ya vipindi vya mwanga, hasa taya na shingo, na hasa kwa wenye ngozi ya kahawia au matatizo ya homoni. Inadhaniwa joto dogo lisilotosha kudumaza tundu huliamsha. Ukiona nywele nene mpya pembezoni mwa eneo ulilopiga, acha. Kuongeza vipindi ni kumwaga mafuta kwenye moto.

Mwanamke anayeota ndevu kidevuni, nywele kifuani au tumboni, huku hedhi ikiruka miezi, apimwe homoni kwanza. Hali kama PCOS (tatizo la homoni na ovari) huendelea kuamsha matundu mapya kila siku, na hapo mashine haifui dafu hata iwe ya bei gani.

Na hata mambo yakienda vizuri, usitarajie nywele ziishe moja kwa moja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, huruhusu vifaa vya mwanga viitwe vya kupunguza nywele kwa kudumu, si vya kuziondoa kwa kudumu. Anayetaka kutupa jongoo na mti wake atafute elektrolisisi ya sindano kwa mtaalamu, inayochoma tundu mojamoja na isiyojali rangi.

## Ngozi imeungua, imetoa malengelenge au mabaka

Weka eneo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia. Dakika 20 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata na uliweke eneo mbali na jua.

Halafu tafuta chanzo, la sivyo kitajirudia. Tatoo, hina, baka jeusi, chunusi zilizoacha alama na vidutu vyeusi hunyonya mwanga kuliko ngozi inayovizunguka. Vyote vikwepwe kwa nafasi, au vifunikwe kabisa. Chuchu, midomo na ngozi nyeusi zaidi ya sehemu za siri ni vivyo hivyo. Dawa nazo hufanya ngozi iogope mwanga: doksisaiklini na antibiotiki nyingine za jamii ya tetrasaiklini, krimu za retinoidi (za jamii ya vitamini A), na isotretinoini ya vidonge, dawa ya chunusi ambayo maelekezo ya mashine nyingi hutaka ipite miezi 6 tangu uiache. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mimweko, mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), na mjamzito wasitumie IPL. Kwa mjamzito si kwamba madhara yamethibitishwa. Vifaa hivi havikujaribiwa kwa wajawazito.

Baka jeusi linalotokea siku kadhaa baadaye bila lengelenge ni ngozi kujilinda kwa kuongeza melanini. Hufifia, ila kwa miezi, na jua hulikoleza upya. Paka kikinga jua cha SPF 30 au zaidi kila siku, na usipige mwanga juu yake mpaka rangi ilingane na jirani yake. Usikimbilie krimu za kung'arisha ngozi. Juu ya jeraha jipya huongeza tatizo.

Macho hayana mjadala. Usipige nyusi, kope wala popote ndani ya tundu la jicho, hata ukiwa umefumba. Kigubiko cha jicho ni chembamba, na sehemu ya jicho yenye rangi ina melanini.

## Epileta inakata nywele badala ya kung'oa

Siku mbili baadaye miguu inakwaruza tena. Unywele ulikatikia njiani. Sababu ni nne na hujumuika. Nywele ni fupi mno: epileta inataka milimita 2 hadi 5, chini ya hapo vipinseti vinavyozunguka hupata tabu kushika, na zikiwa ndefu zaidi hujikunja na kuvutwa kwa uchungu. Pembe si sahihi: kichwa kikae wima kwa ngozi, siyo kulala kama wembe. Mwendo ni wa haraka: sogeza polepole kwa kadiri unavyoweza kuhesabu moja mpaka tatu kwa kila sentimita 5, ukielekea kinyume na uotaji. Na ngozi imelegea: ikaze kwa mkono wa pili kila mara, hasa nyuma ya goti na kwapani. Kwapani nywele huota pande mbalimbali, kwa hiyo inua mkono hadi nyuma ya kichwa na upite kutoka juu kwenda chini, chini kwenda juu, kisha ubavuni.

Kasi ya juu ni ya nywele nene za miguuni. Kasi ya chini ni ya nywele nyembamba na sehemu laini. Watu huifanya kinyume, wakiamini polepole ndiyo isiyouma.

Kama hapo awali ilikuwa inang'oa vizuri, itazame betri. Injini ikidhoofu, diski zinazofanya kazi ya vipinseti hufunga polepole na unywele huvutwa badala ya kunyakuliwa. Chaji mpaka mwisho, ujaribu mara moja. Kama nguvu inashuka ndani ya dakika 10, betri imezeeka. Epileta za kutumika bafuni nyingi hazifanyi kazi zikiwa kwenye chaja, na hilo ni la usalama, si ubovu. Halafu ondoa kichwa, piga brashi kati ya diski huku ukizizungusha kwa kidole gumba, na tazama ekseli, yaani mhimili unaozizungusha: nywele zilizojiviringisha pale huongeza mzigo na kuleta mlio wa kusaga. Suuza kwa maji ya uvuguvugu ikiwa tu mashine ina alama ya kuruhusu maji. Diski iliyopinda huonekana kwa ncha inayopitiliza wenzake, nayo ndiyo inayofinya ngozi na kuacha vidoti vya damu. Badilisha kichwa kizima.

## Vipele, na nywele zinazoota kwa ndani

Vidoti vyekundu vinavyotokea palepale baada ya epileta au nta ni matundu yaliyoshtuka. Huisha ndani ya siku moja, ndiyo sababu kazi hii ifanywe jioni na si asubuhi ya harusi. Kitambaa baridi dakika 10, losheni isiyo na manukato, nguo pana, basi.

Vile vinavyotokea siku ya tatu na kuendelea ni jambo jingine. Unywele wenye mkunjo huota kutoka kwenye tundu lililopinda. Ukikatwa na kubaki na ncha kali, hujipinda na kuchoma ngozi upya, au haufiki nje kabisa. Mwili unaupokea kama mwiba. Ndevu na sehemu za siri za wenye nywele za kipilipili ndizo zinazoteseka zaidi. Sugua kwa dodoki laini siku moja kabla, pumzisha siku 2 baada ya kung'oa, kisha rudia dodoki mara 2 au 3 kwa wiki. Losheni ya asidi ya salisiliki ya asilimia 2 husaidia kulegeza ngozi iliyofunika. Unywele ukionekana umejiviringisha chini ya ngozi, weka kitambaa chenye maji ya moto wa wastani dakika 10 na uinue kitanzi chake kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bila kuung'oa. Ukiung'oa, mwingine utaota kwenye tundu lilelile na kisa kianze upya. Kuchimba ambako hakuonekani kitu huacha kovu, na kwa mwenye asili ya keloidi (makovu yanayovimba), uvimbe wa kudumu.

Ikiwa vipele havikomi shingoni au kidevuni, acha kung'oa na kunyoa kwa karibu kwa wiki 4, halafu tumia trima inayoacha milimita 1. Hailainishi kama wembe, lakini ncha inakaa nje ya ngozi.

## Mashine ya kunyolea inavuta na kupata moto

Blade kavu au butu. Safisha, tia tone moja la mafuta mepesi ya mashine, iwashe sekunde 10, futa ziada. Ikiendelea, geuza wavu unaofunika blade kuelekea mwanga: tundu lililopanuka au ufa ndio unaokata ngozi, na wavu na blade hubadilishwa pamoja, kwa kawaida kila miezi 12 hadi 18. Nywele ndefu zaidi ya milimita 5 zipunguzwe kwa trima kwanza. Hazina jinsi ya kuingia kwenye matundu ya wavu.

## Nta haishiki, au inabaki ngozini

Nta isiyoshika imepakwa juu ya jasho au mafuta. Osha, kausha, paka poda kidogo tu. Inayobaki ngozini imepakwa nene au imepoa kabla ya kuvutwa. Itoe kwa mafuta, kwani maji huigandisha zaidi. Nta inayokata nywele imevutwa kuelekea juu: kitambaa kivutwe sambamba na ngozi, kinyume na uotaji, kwa mkupuo mmoja. Nywele ziwe na milimita 5 hivi.

Chombo cha kuyeyushia hudanganya, kwa sababu chini huchemka huku juu kukiwa bado kugumu. Koroga, subiri iwe nzito kama asali, na jaribu tone ndani ya kifundo cha mkono. Ngozi iliyobanduka pamoja na nta mara nyingi ni ya mtumiaji wa krimu ya retinoli; aiache angalau wiki moja kabla.

Kuhusu vile vijiwe vya kusugua vinavyoitwa vya kioo, vinakatia nywele usawa wa ngozi kwa msuguano, na dalili yao kubwa ni mikwaruzo. Ngozi kavu, miduara myepesi, mizunguko michache, na kamwe usoni. Vipinseti vya umeme vinavyodai kupitisha mkondo hadi mzizini havihitaji utatuzi: unywele haupitishi umeme vya kutosha, na vinang'oa tu kama kipinseti kingine chochote.

## Wakati wa kuacha na kumwona daktari

Malengelenge makubwa kuliko sarafu, kuungua usoni au sehemu za siri, wekundu unaotambaa na kuwa wa moto, usaha, homa, kidutu cheusi kilichobadilika umbo au rangi baada ya mwanga, na tatizo lolote la kuona. La mwisho ni la siku hiyohiyo. Nenda na jina na modeli ya kifaa, ngazi uliyotumia, tarehe za vipindi, orodha ya dawa na krimu za miezi 6 iliyopita, na picha za ngozi ulizopiga kwa mwanga wa mchana tangu siku ya kwanza, kwa sababu baka la leo halimwonyeshi daktari lilivyoanza.